Kuondolewa Kizazi: Neno ni la Nani?

Bismillahi. Tumepokea swali kutoka kwa ndugu mmoja wa Githongo, katika Meru, nasi twalijibu hapa kwa kuwa jambo lenyewe haliwahusu watu wa bara peke yao. Hata katika miji yetu ya pwani hutokea, ila husemwa kwa kunong'ona.

Mkewe alijifungua, damu ikakataa kukatika. Madaktari walipotumia dawa zote isisimame, walisema hapana budi kizazi kiondolewe. Mume alikuwa safarini Mombasa. Wazee wake wakazuia, wakidai kwamba huko ni kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, na kwamba lazima mume angojewe. Mama mwenyewe akasema afanyiwe; akafanyiwa, akapona. Sasa jamaa wanamtaka mume amwache, kwa kuwa hazai tena. Naye auliza: Je, mke wangu amekosa?

Jawabu letu ni kwamba hakukosa. Aliyekosa ni yule aliyetaka damu ingojee ruhusa.

Ni kweli kwamba kukata uzazi moja kwa moja pasipo haja ni haramu. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilikataza kumwondolea mume au mke uwezo wa kuzaa, isipokuwa kwa dharura inayokubaliwa na sharia. Wazee hao wameshika nusu ya hukumu, na nusu ya pili wameiacha. Anayegeuza maumbile ni yule akataye kiungo kizima kwa matamanio yake. Ama akataye ili mwenyewe aishi, huyo anatibu. Wanavyuoni waliruhusu tangu zamani kukata mkono uliooza usije ukauangamiza mwili. Basi kizazi kina heshima gani ya kumpita mwenye nacho?

Na tuifahamu hatari yenyewe. Kizazi kikishindwa kujikaza baada ya kuzaa, mishipa iliyokuwa ikilisha kondo hubaki wazi, na damu yaweza kumwua mama kwa muda wa saa mbili. Mwaka 1876, katika mji wa Pavia, Italia, tabibu Edoardo Porro alimpasua mama mjamzito, akamtoa mtoto, kisha akakiondoa kizazi ili damu isimwue; mama na mtoto wakasalimika. Leo madaktari hawakimbilii kisu. Hutanguliza kukanda kizazi, sindano za kukikaza, na dawa ya kuzuia damu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kuipima damu mapema na kutoa tiba hizo kwa pamoja hupunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Kisu ni cha mwisho. Lakini ya mwisho ikifika, mlango wa kungoja umekwisha fungwa.

Ama neno ni la nani? Baraza lile lile, huko Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba idhini ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa ni baleghe mwenye akili timamu, na kwamba roho ikiwa hatarini, tiba haingojei idhini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, nayo imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mume na ashauriwe palipo na nafasi, kwani watoto ni wa wote wawili; lakini kushauriwa si kumiliki.

Wala hatusemi kila mwenye uvimbe akimbilie kukiondoa kizazi. Pasipo haraka, mwanamke na aulize kama uvimbe waweza kutolewa peke yake, na amwendee daktari wa pili. Na daktari akiondoaye bila ya kumweleza mwenyewe, pasipo dharura, amemdhulumu.

Likabaki la talaka. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, hakuzaa, naye ni mama wa waumini wote. Nani atathubutu kusema alipungukiwa? Mwanamke huyu alikwenda mpaka mlangoni pa mauti ili akupe mtoto, na mtoto huyo ana haja ya mama kuliko haja ya ndugu wasiozaliwa bado. Ewe ndugu, kaa na mkeo kwa wema, na jamaa zako uwajibu kwa adabu, bila ya kuwatii katika dhulma.

Wallahu aalam.