Tafakuri ya Ramadhani 20: Nyumba iliyouzwa



Mwezi kama huu, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alirudi Makka, mji aliotolewa. Usama bin Zayd (r.a.) akamuuliza atafikia wapi, nyumbani kwake? Mtume naye akauliza kama Aqil aliwaachia nyumba yoyote. Maana Aqil, binamu yake, alizirithi nyumba za Abu Talib na zikauzwa wao wakiwa Madina. Basi akapigiwa hema. Alikuwa na jeshi la watu kama 10,000, na hakumtoa mtu ndani.

Lakini kurudi alirudi. Hilo hakuliachia.

Sisi wa Nduta tunalijua jambo hili. Wengi wenu mlikuja 2015, ila wazee wa 1972 walitangulia. Waliorudi Burundi baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000 walikuta michikichi yao kule Rumonge inavunwa na wengine, na baadhi wana karatasi za serikali. Tume ya ardhi ilipoanza 2006, mara igawe shamba nusu kwa nusu, mara mwenyewe arudishiwe lote. Sasa yule aliyelima miaka thelathini, akatoe wapi pa kulala?

Wapalestina nao ni hivyo hivyo. Zaidi ya 700,000 walipoteza makazi 1948. Azimio 194 la Umoja wa Mataifa, Desemba mwaka ule, linasema anayetaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zake aruhusiwe, asiyetaka alipwe fidia. Israel inakataa: wakirudi wote, dola ya Wayahudi haitakuwa tena ya Wayahudi. Hofu yao naielewa, Ulaya waliuawa mamilioni na nchi nyingi ziliwafungia milango. Lakini anayeilipia ni mkulima wa Galilaya ambaye hakumuua mtu Ulaya.

Shikeni neno "anayetaka". Kurudi ni haki ya mkimbizi mwenyewe, si amri ya kumpigia kelele sokoni. Wewe mwenyeji wa Kibondo unayesema "rudini kwenu", umefunga nini leo?

Na wewe uliye kambini, baada ya tarawehe mpigie simu ndugu yako aliye kule. Muulize lile shamba la jirani aliyekimbia analilima nani. Kama ni nyinyi, mwambie mpaka usisogezwe hata shubiri, na mazao yaandikwe.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia zakatul fitr. Wabillahi tawfiq.