Kipofu Aliulizwa Kwanza

Katika sura ya 10 ya Injili ya Marko, Bartimayo mwana wa Timayo ameketi kando ya njia itokayo Yeriko, akiomba. Anaposikia kwamba Yesu anapita, anapaza sauti. Watu wanamkemea anyamaze, naye anazidi. Yesu anasimama na kuagiza aitwe. Kipofu anatupa vazi lake, anaruka, anakwenda. Umati wote unajua mtu huyu haoni. Hata hivyo Yesu hamgusi macho papo hapo, wala hamwelezi shida yake. Anamuuliza anataka afanyiwe nini, kisha anangoja jibu.

Bartimayo alikuwa mwombaji. Angeweza kuomba sarafu, kama alivyozoea kwa kila mpita njia. Swali lile lilimpa nafasi ya kutaja kwa kinywa chake jambo kubwa kuliko sarafu, na akalitaja.

Wiki hii nawaletea swali hilo ninyi mnaoketi na wenzenu wenye shida: wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama ambao sebule zao hazikosi mgeni mwenye machozi, na ninyi mliosomea ushauri nasaha na kuufanya hospitalini na shuleni. Jaribu linalotunyemelea sisi watu wa kanisa ni kujibu kabla ya kuuliza. Mama anaanza, "Mchungaji, mume wangu…" na kabla hajafika sentensi ya tatu tumeshafungua Waefeso 5. Kijana anasema hapati usingizi, tunamwekea mikono. Neno ni jema na maombi ni mema, lakini yakija upesi namna hiyo humfunga kinywa aliyekuja. Ataitikia amina, atashukuru, na ataondoka na mzigo wake vilevile. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya vyema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Mambo yaliharibika walipoanza kumfafanulia mateso yake. Mwishoni mwa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia hao waliojiona wanamtetea, na Ayubu aliyelalamika ndiye anayepewa kazi ya kuwaombea. Anayeshauri watu kwa jina la Mungu aisome sura hiyo taratibu.

Alikuwepo Mmarekani mmoja, Carl Rogers, ambaye mafundisho yake wanayajua wengi waliosomea ushauri nasaha. Alilelewa katika nyumba ya Kikristo yenye maadili makali, na mwaka 1924 aliingia seminari ya Union huko New York, kisha akahamia saikolojia. Kwa miaka kama 12 alifanya kazi mjini Rochester na watoto waliowashinda wazazi na walimu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1961 anamkumbuka mama mmoja aliyekuwa na mwana mtundu kupita kiasi. Rogers aliona wazi kwamba chanzo ni jinsi mama alivyomkataa mtoto tangu utotoni, akajitahidi, kikao baada ya kikao, kumfanya mama alione hilo. Halikuonekana. Wakakubaliana kwamba wameshindwa, wakapeana mikono, na mama akaelekea mlangoni. Pale akageuka, akauliza kama mahali pale huwa wanawashauri na watu wazima. Alipojibiwa ndiyo, alirudi kwenye kiti chake na kuanza kumwaga habari za ndoa yake, za kukata tamaa kwake, za kujiona ameshindwa maishani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanana na maelezo makavu aliyokuwa ametoa awali. Kazi ya kweli ilianzia hapo, na ilizaa matunda kwa mama na kwa mtoto pia.

Wazee wetu walishasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mshauri aweza kuwa na elimu, aweza kuwa amepakwa mafuta, lakini anayelala pale ni mwingine. Kazi yake ni kumsaidia huyo aseme kunguni wako wapi.

Najua wapo wanaoogopa hapa. Wanasema: tukimsikiliza mtu bila kumhukumu, si tunabariki dhambi? Nawaomba warudi Yeriko, maana mji ni uleule. Luka 19 inatuambia kwamba Yesu alimwita Zakayo ashuke mtini akaingia kwake, watu wakinung'unika. Hatusomi kwamba alimpangia kiasi cha kurudisha. Ni Zakayo aliyesimama akatangaza nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Nimeona jambo hili katika huduma: toba inayotoka kwa mtu aliyepokelewa huwa na hesabu kali kuliko ile ambayo mchungaji angethubutu kudai.

Kusikiliza huku hakumfanyi mshauri awe bubu. Mama anayepigwa akikujia, usimrudishe nyumbani na neno moja la "vumilia." Neno hilo limewarudisha wanawake wengi mikononi mwa wanaowaumiza, na linauma zaidi likitoka madhabahuni. Wala usimwamuru aondoke leo, kana kwamba wewe ndiwe utakayelea watoto wake kesho. Muulize anaogopa nini, ana ndugu gani wa kukimbilia, silaha imewahi kutumika. Mweleze kwamba vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na kwamba akitaka uende naye utakwenda. Halafu mwache achague, na asipochagua ulichotamani, mlango wako ubaki wazi.

Sasa niseme kuhusu siri, maana hapa ndipo tunapopoteza watu. Mshauri wa mjini akimaliza saa yake na mteja, huenda wasikutane hadi miadi ijayo. Sisi usharikani tunaishi pamoja. Mtu aliyenilalia begani Jumanne namkuta kwaya Jumamosi, namkuta kwenye kikao cha harambee, mke wake yumo katika kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, VICOBA, na mke wangu. Kwa hiyo mipaka yetu lazima tuiseme kwa sauti mwanzoni: tukikutana sokoni sitagusia jambo lako mpaka uliguse wewe, mke wangu hatalijua, halitafika kwenye baraza la wazee. Na halitaingia katika mahubiri. Mhubiri anayesema "kuna ndugu mmoja alinijia" hajalificha jina kama anavyodhani. Katika kanisa la watu mia mbili, kabla ya sadaka kila mtu ameshakisia, na mwenyewe aliye kwenye benchi la nne hatarudi tena kwako, labda wala kwa Mungu.

Katika mipaka hiyo upo mmoja usio na mjadala. Anayekuja kwetu akiwa amevunjika hana kinga mbele yetu. Mshauri akitumia udhaifu huo kwa mapenzi, kwa fedha au kwa kujitafutia sifa, kosa ni lake lote, hata aliyekuja awe ndiye aliyeanza. Anayeona moyo wake unaanza kuvutwa na amwendee mshauri mwenzake mapema amweleze, na aliyekuja akabidhiwe kwa mtu mwingine kwa heshima.

Siri nayo ina ukomo, na ni haki ya mtu kuujua kabla hajafungua moyo. Mtoto anapodhulumiwa hatunyamazi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa hizo azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na hata kama sheria isingekuwepo, Injili ipo. Vilevile maisha ya mtu yakiwa hatarini. Akikuambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya; humwondolea upweke wa kulibeba. Eliya naye aliomba kufa, chini ya mretemu, na malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Mwili una mahitaji yake, na mengine yanahitaji daktari. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyeacha kula na kulala kwa majuma, mpeleke hospitali na uendelee kumwombea; hakuna ugomvi kati ya hayo mawili. Nenda naye, keti naye kwenye foleni, na muulize baadaye dawa zinamkubali vipi. Jina la Mirembe, hospitali ile ya afya ya akili ya Dodoma, watu wamelifanya tusi la mitaani. Mshauri asilitamke hivyo hata kwa utani, kwa kuwa iko siku atahitaji kumwambia msharika anayempenda kwamba msaada wake uko huko, na msharika huyo atakumbuka nani alicheka.