Kudra na Bawa la Kulia

Ikitokea ajali, watu husema haina kinga. Msibani kauli hiyo ina kazi yake: huwatuliza wafiwa na kuwanyamazisha wenye pupa ya kulaumu kabla maiti hazijazikwa. Taabu huanza inapoendelea kutumika miezi na miaka baadaye, ikawa ndiyo jibu la kwa nini watu walikufa.

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, KQ 507, iliondoka Douala, Cameroon, kwenda Nairobi ikiwa na watu 114. Ilikuwa Boeing 737-800 mpya, haijatimiza hata mwaka kazini. Mvua ya ngurumo ilikuwa imeichelewesha, na hatimaye rubani mkuu aliruka bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Haikumaliza dakika 2 angani. Iliangukia kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita 5 hivi kutoka uwanjani, lakini ikatafutwa kwanza mbali msituni, hata ikaonekana jioni ya Mei 6. Hakupona mtu.

Uchunguzi wa Cameroon haukumkamata shetani wala chuma kibovu. Tangu ilipopaa, ndege ilikuwa ikielemea kulia kidogo kidogo. Rubani mkuu alitoa agizo la kuwasha mfumo wa kujiendesha. Rubani msaidizi hakuitikia, na mfumo haukuwaka. Kila mmoja akaamini kuna kinachoongoza. Kwa karibu dakika nzima usukani haukuwa na mwenyewe. Nje giza totoro, na mwili wa binadamu hauhisi mlalo unaokuja polepole hivyo; ni vipimo vya mbele yao tu vilivyokuwa vikisema kweli, na hakuna aliyevitazama. King'ora cha kuonya kilipolia, rubani mkuu aligutuka, akazungusha usukani kulia, kushoto, kisha kulia tena, na bawa la kulia ndilo lililokuwa limelala chini. Mwenzake akamwambia kulia, akajisahihisha, akasisitiza kushoto. Muda ulikuwa umekwisha.

Je, haya yaliandikwa?

Muumini atajibu ndiyo, na hakosei. Lakini jibu hilo halimalizi mazungumzo, na dini zenyewe hazikulimaliza hapo. Torati inamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Hapo anguko limeshahesabiwa kuwa jambo la fundi kabla ya kuwa jambo la mbinguni. Mtume Muhammad, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Na Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, alirudi; alipoulizwa kama anaikimbia kudra, alijibu kwamba anatoka kwenye kudra moja kuingia nyingine. Kurudi nako kumo katika yaliyoandikwa.

Swali zito zaidi linahusu heshima. Rubani mkuu alikuwa na saa zaidi ya 8,000 za kuruka. Za msaidizi wake, kijana, hazikufika 900. Ripoti inamweleza wa kwanza kuwa mtu wa kujiamini na kutawala, wa pili kuwa mpole na mnyamavu mbele yake. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Kumkosoa mkubwa hadharani ni utovu wa adabu, na adabu ni nusu ya dini tunayofundishwa chuoni na kanisani. Hata hivyo adabu inayomnyima mkubwa habari ya hatari inayomkabili si adabu, ni kumtelekeza. Wala si ugonjwa wa Kiafrika: katika ajali ya ndege ya Tenerife, 1977, fundi wa ndege ya KLM alimuuliza nahodha wake kama njia ya kurukia imeachwa wazi, akapuuzwa, wakafa watu 583. Baada ya hapo mashirika yakaanza kuwafundisha marubani wadogo kusema na wakubwa kusikiliza.

Lawama pia isiishie kwa marehemu wawili. Kuna aliyewapanga pamoja, aliyewafundisha na aliyewapasisha, na ripoti iliwagusa hao pia kwa kutaja usimamizi hafifu.

Ripoti hiyo ilitoka Aprili 2010, karibu miaka 3 baada ya ajali. Anayetaka kuzungumzia kudra ya Mungu katika habari ya KQ 507 aisome kwanza.