Boti Ipimwe Kwanza na Pwani Yake

Mwanangu, nimesikia unaulizia bei ya boti ya faiba ya futi 23, na wenzako wamekwisha kukutia moyo uichukue hiyohiyo ili usije ukajuta baadaye. Fedha ni zako, umezitolea jasho kwenye hoteli za Utende, na mimi sikuzuii kununua. Nataka tu ukae kitako tuzungumze habari ya ukubwa. Ukikosea rangi utapaka nyingine. Ukikosea mashine utaiuza utafute inayofaa. Ukikosea urefu na upana, utaishi nao.

Watu wakienda kununua boti huanza na bahari: mawimbi yatakuwaje, upepo utakuwaje, itakwenda kasi gani. Mimi nakwambia uanze na pwani, kwa sababu boti ndogo hulala saa nyingi kuliko inavyotembea, na sisi Mafia boti zetu zinalala pagumu. Nenda Kilindoni siku za bamvua ukatazame. Maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, na yakipwa yanakwenda mbali. Boti uliyoitia nanga asubuhi kwenye maji ya kifuani, mchana unaikuta imekaa mchangani. Aliyepwelewa na boti ya futi 15 ataita wenzake wanne waisukume. Aliyepwelewa na futi 23 atasubiri maji yajae, na wageni aliowaahidi safari wamesimama juani wanatazama saa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo vijana wengi wanapoachia fedha zao. Chukua boti ya futi 18, uikuze kwa umbo lilelile mpaka ifike futi 23. Kwa macho imeongezeka futi 5 tu, robo na kidogo. Lakini boti haikui kwa urefu peke yake. Inapanuka na inazidi kina vilevile, kwa hiyo ujazo wake unapita mara mbili ya ule wa kwanza. Na mambo yote yanayokula fedha yanafuata ujazo: faiba na gundi yake, mashine, petroli, nanga, kamba, gari la kuivuta, idadi ya mikono ya kuipandisha pwani. Muuzaji atakutajia urefu kwa sababu urefu unasikika mdogo.

Kwa kazi yako ya kutembeza wageni, mwanangu, mimi naona futi 17 au 18, na iwe ya kupanda kwenye trela. Najua trela za boti si nyingi kisiwani kwetu, na watu watakucheka kwamba unapeleka chombo barabarani. Waache wacheke. Kisiwa chetu kina pande mbili na misimu miwili. Kaskazi ikivuma, upande wa Kilindoni unakingwa na kisiwa chenyewe, bahari inatulia, na ndiyo miezi ya papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Machi. Kusi ikiingia, kazi ya wageni inakuwa ndani ya ghuba ya Chole, ambako Chole, Juani na miamba vinavunja bahari kubwa. Mwenye boti nzito akitaka kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine lazima azunguke kusini, apinde Ras Kisimani, apite baina ya mafungu na miamba, tena pengine katika siku ambazo upepo umekwisha kugeuka. Wewe utapandisha boti yako kwenye trela Kilindoni, utashika lami kama kilomita 14, na utaishusha Utende maji yakiwa nusu. Hapo umepata boti mbili kwa bei ya moja.

Kuna na jambo la pili. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari kabla yake. Tahadhari inamfaa mtu ambaye chombo chake kinaweza kuondoka majini siku hiyohiyo. Boti inayopanda trelani unaivuta hadi nyuma ya nyumba, unaifunga kwenye mnazi imara, unachomoa kizibo cha ngama ili maji ya mvua yatoke, unalala. Boti isiyotoka majini unaongeza nanga na kuomba dua. Dua ni haki yetu wote, lakini nataka uombe ukiwa na chombo nchi kavu.

Usinielewe kwamba nakusukuma ununue kiboti. Futi 13 au 14 ni chombo cha kuvusha watu wawili watatu kwenda Chole na kurudi, siku tulivu. Ukitoka nayo mlango wa Kinasi kwenda bahari kuu maji yakiwa yanapwa na upepo unaingia, mkondo na upepo vinapambana, mawimbi yanasimama mafupi na wima, na omo inazama kwenye wimbi la pili kabla haijainuka kutoka la kwanza. Pale urefu wa futi tatu nne zaidi unaokoa roho. Na hata ukiwa na futi 18, Kinasi katika kusi kali si pa kwenda na wageni. Hilo sikuachii ulipime mwenyewe, nakukataza.

Kuliko urefu, mimi natazama upana. Boti ya futi 18 iwe na futi 6 na nusu kwenda juu. Ukiongeza upana kwa sehemu moja ya kumi, nguvu yake ya kukataa kulala ubavu inazidi karibu theluthi nzima. Na wewe kazi yako ni ya kuonyesha potwe! Unajua kinachotokea: samaki mkubwa kuliko boti anatokeza kushoto, na wageni wote kwa pamoja wanakimbilia kushoto na simu zao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikikaribia gati, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba 101. Kivuko na boti yako havilingani, ila sheria ya maji ni moja: uzito ukizidi, kisha ukahamia upande mmoja, chombo hakina la kufanya. Mkaguzi wa vyombo vya majini kutoka TASAC atakuandikia idadi ya watu. Ile ndiyo idadi, siku ya Idi na siku ya kawaida, na kila mmoja amevaa jaketi lake la uokozi kabla mashine haijawashwa.

Chini ya boti pia pana maneno yake. Boti yenye kifua kikali inakata wimbi vizuri na haikupigi mgongo, lakini inataka maji marefu zaidi, inataka mashine kubwa, na ikipwelewa inalala ubavu. Yenye tumbo bapa inakaa wima mchangani na inapita juu ya fungu, ila wimbi linaigonga kama mlango. Kwa pwani zetu tafuta ya katikati: kali omoni, ikielekea tezi inakuwa bapa.

Mashine ya nguvu farasi 40 inatosha. Wenyewe huzijua, na spea zake na mafundi wake hutahangaika kuwatafuta. Ina kilo 70 na kitu, na uzito wote huo unaning'inia nyuma. Ukiweka kubwa zaidi, tezi inashuka, na wimbi la nyuma linapata njia ya kuingia. Ikiwa ni ile ya kuchanganywa oili, ukiifungulia yote inakunywa lita 15 na zaidi kwa saa. Basi gawanya petroli mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, la tatu hulihesabu kabisa. Na usisahau makasia, upo wa kufulia maji, na nanga yenye kamba ndefu. Mashine ikizimika mkondo haukusubiri.

Najua utasema, "Nikitaka kwenda Nyamisati je?" Mwaka mzima utakwenda mara ngapi? Kwenda bara kuna MV Kilindoni, na mzigo wako mkubwa utaupakia huko au kwenye jahazi. Usinunue boti ya mwaka mzima kwa ajili ya safari chache za kuvuka mkondo. Siku ukipata wageni wanaohitaji chombo kikubwa, kodi kwa mwenye nacho, mgawane. Na siku Mamlaka ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hata mwenye futi 23 anatakiwa abaki pwani.

Tukirudi kwenye trela: boti, mashine, madumu mawili ya lita 25, nanga na trela yenyewe, usishangae hesabu ikikaribia kilo 700 au 800. Pikapu nzima inavuta, bajaji usiifikirie. Boti ikae mbele kidogo, ili ndoana ya gari ibebe kilo 5 hadi 10 katika kila 100, la sivyo trela itayumba barabarani. Chuma kiwe cha kuzamishwa kwenye zinki, maana rangi peke yake chumvi itaila. Ukifika pwani usiingize magurudumu majini yakiwa ya moto. Yaache yapoe kwanza, kwani beringi zikiwa na joto zinavuta maji ya chumvi ndani. Kila ukitoka, mwagia maji ya kisima, na grisi usiionee ubahili. Kwenye mchanga laini punguza upepo wa matairi, halafu uujaze tena kabla hujarudi kwenye lami.

Ukienda Dar es Salaam kuitazama, nenda na futi kamba, na wende na mtu atakayeingia nawe ndani. Iteremsheni majini. Wakae watu wanne ubavu mmoja, wewe upime kutoka kwenye maji hadi ukingo upande ule ulioinama. Ikibaki chini ya futi moja, mshukuru muuzaji utafute nyingine. Ikikupendeza, chukua upana wa tumbo, urefu wa mkuku na uzito, uvipeleke kwa fundi wa trela kabla hajakata hata chuma kimoja. Kisha nipigie simu, kabla hujalipa.