Mfongo Huzibuliwa, Nyumba Je?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda moja kwa moja majengo ya Tanzania Bara yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza. Ukiuchukua mwaka huo kama kipimo na kupanda nao kutoka stesheni ya Moshi hadi Kibosho, Kilema au Marangu, utarudi karibu mikono mitupu. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyumba za mlimani zilikuwa za miti na nyasi, vitu ambavyo hurudi udongoni baada ya muda wake. Horombo, mangi (chifu) wa Keni, huko Rombo, anakumbukwa kwa ngome zake za mawe, lakini ngome za namna hiyo zilikuwa chache. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kanisa la mawe la Kibosho, maduka ya mjini yenye baraza mbele, jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, karibu na mnara wa saa, nyumba za kwanza za bati zilizojengwa kwa fedha ya kahawa: vyote hivyo ni vya baada ya 1863.

Kwa hiyo karibu kila jengo tunaloliita la zamani Moshi linasimama kwa hiari yetu. Wenye nalo wakiamua kulibomoa Jumatatu, Ijumaa panaweza kuwa na lundo la kifusi na lori la mchanga. Jambo hilo linanitia hofu, na pia linanifanya nijiulize tunadaiwa nini na nyumba ambayo hakuna anayetulazimisha kuitunza.

Mtu anaweza kudhani dawa ni kuusogeza mbele mwaka ulioandikwa katika sheria. Ingesaidia. Lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka katikati ya ukarabati na kuua watu wawili. Jumba lile halikukosa jina wala hadhi. Lilikuwa limechakaa kwa miaka mingi kabla ya mafundi kufika. Sheria inaweza kumzuia mtu asibomoe. Haiwezi kupanda darini kila baada ya masika kutazama panapovuja. Kazi hiyo inahitaji desturi, na desturi hailetwi na tangazo la serikali.

Mlimani desturi hiyo ipo, ingawa haijazoeleka kuhusishwa na nyumba. Kwa karne kadhaa Wachaga wameyateremsha maji ya mito ya msituni hadi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, kwa mifongo, mifereji inayofuata mbavu za mlima kilomita nyingi, ikichimbwa kwa jembe na kupimwa kwa macho. Ukoo uliochimba ulipata heshima, lakini mfongo ulibaki hai kwa sababu ya kazi ya watu waliokuja baadaye. Maporomoko huuziba, mizizi huutoboa, tope huujaza. Wazee wa mfongo huita siku ya kazi, kila nyumba hutoa mtu na jembe, asiyefika hutozwa faini, na zamu ya maji humfikia aliyeshiriki. Mifongo mingine imekufa, kwa kuwa mabomba yamefika na vijana wameondoka. Iliyobaki inapitisha maji leo kwa sababu kuna watu walioizibua mwaka jana na mwaka juzi. Mwenye haki ya maji ni yule anayerudi kuutunza mfereji. Huu ni urithi wa fikra, na nadhani ndio tunaopaswa kuupeleka kwenye kuta na mapaa.

Tazama kinachotokea vihambani siku hizi. Katika boma moja unaweza kukuta nyumba mbili. Ya kwanza ilijengwa na babu, pengine miaka ya 1950, kahawa ilipokuwa na bei nzuri na ushirika ulioanza mwaka 1933 ulipokuwa na nguvu: msingi wa mawe ya volkano, kuta nene, bati zito, madirisha ya mbao, baraza linalotazama migomba. Ya pili ni ya mjukuu anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo: ghorofa, bati la msauzi, madirisha ya alumini, pevingi mpaka getini. Ya pili hufunguliwa Desemba na kufungwa wiki ya kwanza ya Januari. Ya kwanza bado inakaliwa na bibi, au imegeuzwa stoo na kuanza kuinama upande mmoja.

Siwalaumu wajenzi wa nyumba ya pili. Mchaga, popote alipo, anajua kwao ni kihambani na huko ndiko atakakozikwa. Kujenga nyumbani ni njia ya kusema sijawasahau, na wazazi wengi wamefarijika kuona msingi wa mtoto wao ukichimbwa. Wala sitaki kuisifu kila nyumba ya kale kwa sababu tu ni ya kale. Ile nyumba ya msonge ya Wachaga, tunayoionyesha sasa Marangu kama makumbusho, ilikuwa kazi ya akili nyingi: mviringo uliogawanya upepo, nyasi zilizoitupa mvua mbali, ng'ombe na mbuzi waliolala ndani na kuwapasha watu joto katika baridi ya mlimani. Lakini moshi wa jiko la katikati haukuwa na pa kutokea, na mapafu yaliyoumia zaidi yalikuwa ya akina mama na watoto. Walioihama walikuwa na sababu. Kuuheshimu urithi ni pamoja na kukiri palipoumiza watu.

Ninachoomba ni kwamba nyumba isihukumiwe kabla ya kuchunguzwa, kwa kuwa nyumba nyingi za zamani zina elimu ambayo nyumba mpya zimeisahau. Chukua maduka ya zamani ya mjini Moshi, mji ulio chini kiasi kwamba Januari na Februari joto lake hulegeza mwili. Dari liko juu, hewa ya moto ipande ilikaribie. Juu ya madirisha kuna matundu ya kuitoa. Baraza linazuia jua lisifike ukutani, na mpita njia hupata kivuli bila kuombwa fedha. Dirisha la mbao la mbawa mbili hufunguka lote, wakati la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu hata ukilisukuma mpaka mwisho. Sasa tunaziba matundu, tunashusha dari la jipsamu, tunaweka alumini, halafu tunanunua kiyoyozi kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa bure. Tukimaliza tunasema jengo la zamani lilikuwa na joto.

Juu mlimani adui ni maji. Ukuta wa mawe uliounganishwa kwa udongo au chokaa hunyonya unyevu wa masika na kuutoa polepole wakati wa kiangazi. Huo ndio uhai wake. Fundi mwenye nia njema akiupiga plasta nzito ya saruji ili upendeze, unyevu hukosa njia ya kutoka. Hukaa ndani, hulainisha udongo wa viungio, na baada ya miaka michache plasta hubanduka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta. Mwenye nyumba huona nyufa na kuamua nyumba imezeeka, wakati kilichoiua ni tiba. Ukuta kama huo ulitaka plasta ya chokaa, gata isiyovuja, mfereji wa kutoa maji pembeni mwa msingi, migomba isogezwe mita chache, na udongo uliopanda juu ya msingi ukwanguliwe. Kazi hizi hazina uzuri wa kupigiwa picha, na kwa kawaida gharama yake haifikii hata paa la nyumba mpya.

Tena kuna hesabu ya dunia nzima, na mlima wetu umo ndani yake. Ili kupata saruji, mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450, na kabonidayoksaidi hutoka mara mbili: kwenye kuni za tanuri, ziwe makaa ya mawe au gesi, na kwenye jiwe lenyewe linapovunjika. Saruji peke yake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotoka kwa shughuli za binadamu. Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na wanasayansi wanahusisha upotevu huo na hali ya hewa iliyokauka pamoja na joto la dunia. Barafu haikuyeyuka kwa mfuko wa saruji wa Uru au Mwika. Viwanda vya nchi tajiri vina deni kubwa kuliko letu. Lakini ukuta uliosimama umeshalipiwa. Moto wake ulishawaka, mawe yake yalishabebwa vichwani na watu ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Ukiuangusha, gharama ile yote inapotea, na unaanza kulipa upya.

Mlima wenyewe unatupa vifaa tukitaka kujenga kwa busara. Holili huchimbwa pozolana, majivu ya volkano ambayo hupunguza kiasi cha saruji kinachohitajika. Warumi walichanganya majivu ya jinsi hiyo na chokaa, na kuba la Pantheon mjini Roma limesimama karibu miaka 1,900. Wakala wetu wa utafiti wa nyumba, NHBRA, kwa miaka mingi umefundisha matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayofungamana bila kuchomwa kwa kuni. Chumba cha nyongeza kikijengwa hivyo kando ya nyumba ya babu, kitaiheshimu bila kuiiga.

Kutunza hakumaanishi kuiacha nyumba kama ilivyokuwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jengo lililopakwa rangi mbele huku ndani bibi akipanda ngazi tatu bila pa kushika halijakarabatiwa. Nyumba ya zamani inahitaji nyaya mpya za umeme kabla ya taa za mapambo, choo cha ndani kwa wazee, njia ya mteremko mlangoni, na dari lisilo na popo. Kama paa ni la asbesto, kama yalivyokuwa mapaa ya majengo mengi ya umma, liondolewe na wenye ujuzi na kinga, kwa kuwa vumbi lake huua. Na ng'ombe, aliyewahi kulala ndani akiwapasha watu joto, sasa anafugwa bandani kwa majani ya kukatiwa. Kinyesi chake kikiingia kwenye mtambo wa bayogesi, wa aina ambayo CAMARTEC ya Arusha imeusambaza tangu miaka ya 1980, kinampikia mama bila moshi. Hapo kosa la nyumba ya msonge linasahihishwa kwa kipaji cha nyumba hiyo hiyo.

Majengo ya umma nayo yanaweza kubadilishwa na kupewa kazi mpya. Boma la Wajerumani la Arusha lilijengwa kwa ajili ya utawala wa kigeni. Tangu 1987 ni makumbusho, na watoto wa shule huingia walipokaa askari. Boma la Kale la Dar es Salaam, la enzi za Sultan Majid, leo ni makao ya kituo cha urithi wa usanifu majengo. Kuyatunza majengo ya wakoloni si kuwasamehe wakoloni. Huko Old Moshi Wajerumani walimnyonga Mangi Meli mwaka 1900, na mahali palipobeba uchungu huo panastahili kutunzwa na kuelezwa kwa ukweli, ili hadithi isibaki kwa walioandika vitabu peke yao.

Bado kuna swali la ndani ya ukoo. Kwa mila, nyumba ya wazazi humwendea kitinda mimba wa kiume, na mabinti walikuwa hawahesabiwi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini vikao vingi vya ukoo bado havijaifikia. Nami naona kwamba katika familia nyingi anayepajua panapovuja, aliyemnunulia baba misumari na kumlipa fundi, ni binti. Tukiamini haki ya maji ni ya anayeutunza mfereji, hatuwezi kuukataa ukweli huo tunapofika kwenye nyumba.

Ninatamani halmashauri za Moshi zitembee mtaa kwa mtaa na kata kwa kata, ziandike orodha ya majengo yenye thamani, na kuipeleka kwa Waziri kabla tingatinga halijafika. Ninatamani vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wafundishwe chokaa na mawe sambamba na zege na nondo, ili mwenye nyumba ya zamani asikose fundi. Lakini uamuzi mwingi utafanyika kwenye vikao vya familia, pale wanapochanga fedha za ujenzi. Kwenye kikao hicho, kabla ya ramani mpya kufunguliwa mezani, ndugu mmoja awaombe wenzake waizunguke kwanza nyumba ya wazazi, waangalie paa, gata, msingi na viungio, wamsikilize anayeishi humo, na waandike inachohitaji na bei yake. Baada ya hapo wanaweza kujenga wanachotaka. Watakuwa wameamua wakijua wanachokiacha.