Kunguni wa Kitanda cha Mwenzio

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa Masoko methali hii ikishatamkwa mjadala umekwisha, hakuna anayethubutu kubisha. Mimi leo naomba kubisha.

Ndugu msomaji, ninaandika riwaya. Mhusika wangu ni kijana wa Rungwe aliyezamia Bondeni kwa kupitia Kasumulu na Malawi, akadakwa hana karatasi. Anahitaji wakili. Je, wakili huyo awe ametokea wapi? Wenzangu waliousoma mswada walijibu kwa sauti moja: naye awe aliwahi kuzamia. Eti bila hivyo hataonja uchungu wa mteja wake.

Hoja hiyo si ya kupuuza. Sisi tunajua maana ya kuondoka. Enzi za mkoloni babu zetu walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Ng'ambo ya Mto Songwe wako Wangonde, ndugu zetu kwa lugha na mila, lakini mpaka umewafanya kuwa watu wa Malawi. Aliyevuka mpaka wa namna hiyo anajua mambo ambayo vitabu vya sheria havina.

Lakini hebu tumtazame Suella Braverman. Wazazi wake wote walihamia Uingereza, baba kutoka Kenya, mama kutoka Mauritius. Binti akasomea sheria, na katika uwakili wake akaitetea serikali kwenye kesi za uhamiaji. Mwaka 2022 akawa waziri wa mambo ya ndani, akaupigia debe mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ilitamka kuwa mpango huo si halali. Simtukani mtu hapa. Serikali nayo ina haki ya kuwa na wakili. Ninachosema ni kwamba kuzaliwa na wahamiaji hakukumpeleka upande ambao methali yetu ingetabiri.

Sasa tumgeukie Mohandas Gandhi. Mwaka 1893 alifika Natal, kijana aliyesomea sheria London, kushughulikia kesi ya fedha baina ya wafanyabiashara wawili wa Kihindi. Hakupata kuwa manamba. Mwaka uliofuata akaja ofisini kwake kibarua wa mkataba aitwaye Balasundaram, nguo zimechanika, meno mawili ya mbele yamevunjwa na tajiri yake mzungu. Gandhi akampeleka kwa daktari, kisha kwa hakimu, na mwishowe akamtafutia mwajiri mwingine. Tangu hapo vibarua wakaijua njia ya ofisi ile.

Ila tusimpake asali. Gandhi huyo huyo, aliyetupwa nje ya treni pale Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, aliwasema Waafrika kwa dharau katika maandishi yake ya miaka hiyo. Uchungu wa treni ulimfundisha kunguni wa kitanda chake. Wa kwetu hawakumhusu.

Basi mimi naona hivi: mateso humfundisha mtu habari zake mwenyewe. Habari za mwenzake hazipati mpaka aulize, na akishauliza anyamaze asikilize. Ndiyo maana wakili wangu riwayani nimemfanya mwanamke aliyeanzia kwenye kampuni ya chai, akiwatetea waajiri. Hajawahi kulala mahabusu hata usiku mmoja. Lakini ana subira ya kusikia habari hadi mwisho, na sheria anaijua.

Jambo hili si la riwaya tu. Mipakani wamejaa vishoka, na neno lao la kwanza ni hilo hilo: "Mimi wa nyumbani bwana, hata mimi nilipita huko." Mzazi akilisikia neno hilo analegea, ng'ombe anauzwa, pesa inakwenda, na kijana bado yuko ndani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku ukitakiwa kumchagua mtu wa kumsemea aliyekamatwa ugenini, usianze na kabila lake wala safari zake. Muulize kama amesajiliwa. Muulize anayelipa ni nani. Halafu mweleze kisa chako, uone atakukatiza wapi.