Jabir wa Firq Aliuliza Kwanza

Firq, kusini kidogo ya Nizwa nchini Oman, ndiko alikozaliwa Imamu Jabir bin Zaid, mwanachuoni ambaye Maibadhi wanamhesabu kuwa nguzo ya madhehebu yao. Aliishi Basra, na alipofika Hijaz alimwendea Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), akamuuliza habari za Mtume (S.A.W.), hata za ndani ya nyumba. Alichochukua ni maneno, na maneno hayo yakawa elimu ya umma.

Leo mwanamke akipita na nikabu, husemwa hana rai, mumewe ndiye anayemfikiria. Mwenye mtandio wa rangi na wanja huambiwa kafuata Uzungu, dini kaipa mgongo. Asiyejipamba akidai haki yake, eti ana uchungu wa kukosa mume. Wote watatu wamekwisha kuhukumiwa, na hakuna aliyefungua mdomo.

Dhana hiyo imewahi kuumbuka. Mwaka 1955, mjini Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma za kina mama, alivipitia vikundi vya lelemama na kuwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Wengi walikuwa Waislamu wa buibui, skuli hawakusoma. Aliyewatazama akaona watu wa jikoni na ngoma tu, hakujua kuwa anapishana na wapigania uhuru.

Qur'ani nayo, katika Suratun-Naml, inamsimulia Malkia wa Sabaa: barua aliyoipokea, mashauri aliyoyataka kwa wakuu wake, hofu yake juu ya wafalme wanaouingia mji kwa nguvu. Uzuri wa uso wake haukutajwa. Suratul-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, inawakataza wanaume na wanawake kudharauliana, kisha inakataza dhana. Na katika Sahihi Muslim, Mtume amefundisha kwamba Allah haangalii sura za watu, bali nyoyo na amali zao.

Sitara ni amri ya Mola na inabaki pale pale. Kinachokatazwa ni kuigeuza nguo kuwa ushahidi wa yaliyomo moyoni.

Nchini Oman wanawake wanapiga kura pamoja na wanaume wote tangu 2003, lakini uchaguzi wa Majlis Shura, baraza la ushauri la nchi, wa 2023 haukumpa kiti hata mmoja wao. Mgombea wa kike atakaporudi kuomba kura Nizwa, aulizwe habari ya maji ya falaj, yaani mifereji, barabara na ajira za vijana, na jawabu lake lisikilizwe mpaka mwisho.